Karakana ya ubunifu shuleni: chumba kipo, vifaa vipo, ila wanafunzi wanafichana kazi. Nifanyeje?

Mwl_Saketi

Wakuu habarini. Mimi ni mwalimu wa fizikia, mwaka huu nimekabidhiwa hiki kitu wanachokiita meikaspesi, sisi tunakiita karakana tu maana ndivyo kilivyo, ilikuwa stoo ya viti vibovu tukaisafisha, tukaweka meza nne kubwa, kabati la kufuli, kompyuta sita kuukuu, bodi kumi za Arduino na micro:bit kumi na mbili (zote ni vibodi vya kielektroniki unavyovipangia programu), maboksi ya waya na rizista na mota, bisibisi, plaizi, gundi ya moto, na printa moja ya 3D ambayo mpaka leo naiogopa kidogo. Klabu ina wanafunzi 42 wa miaka 13 hadi 17, tunakutana mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara.

Nilidhani shida itakuwa vifaa. Wapi! Shida ni watu. Juzi nimekuta kundi limefunika mradi wao kwa sweta. Wenzao wakauliza "hiyo sensa mmeiungaje?" wakajibiwa "tafuteni wenyewe". Na ndani ya kundi lenyewe wawili wanafanya, wanne wanatazama kama wako kwenye mpira. Mwisho wa muhula kila kitu kinafumuliwa, vipande vinarudi kwenye boksi, wanaokuja wanaanza sifuri na wanakosea yaleyale.

Mfano hai. Makundi matatu kwa nyakati tofauti yamejenga mkono wa roboti, na yote matatu yamekwama palepale, servo, ile mota ndogo inayogeuza mkono, ikianza kuzunguka tu bodi inazima na kuwaka upya. Kila kundi limepoteza kama wiki mbili hapo. Kundi la kwanza walishapata dawa yake zamani sana ila hawakumwambia mtu wala hawakuandika popote.

Nataka kazi ziwe za wazi, mtu achukue ya mwenzake aiendeleze. Nifanyeje bila kuhubiri, maana kuhubiri nishahubiri mpaka wananiiga sauti.

Gundi_Moto

Mwalimu pole na hongera, vyote viwili. Nimeendesha karakana ya shule miaka sita na sisi tulianza kwa ujinga, hela karibu yote tuliweka kwenye printa. Sasa printa ni mashine ya foleni, kitu cha ukubwa wa ngumi kinaweza kula masaa matatu manne, mmoja anachapisha wengine wanapiga soga. Halafu vijana wakagundua kuna mafaili ya bure ya vishikio vya funguo, unaweka jina lako unabonyeza. Basi. Mwezi mzima ni vishikio vya funguo, mpaka walimu wengine wakawa wanaagiza vyao. Nilikuwa nawasifu kumbe nawaharibu. Baadaye nikaja kusoma kwamba Paulo Blikstein, enzi zile akiwa Stanford, alikutana na kitu hichohicho kwa watoto waliopewa mashine ya kukatia ya leza, akakipa na jina kabisa, ugonjwa wa kishikio cha funguo. Kitu kinatoka haraka, kinapendeza, kila mtu anakisifia, sasa mtoto ajisumbue na kigumu cha nini? Kwa hiyo usiiogope printa mwalimu, ila iweke kona ya mwisho, na mtu asiiguse mpaka awe ameshajenga hicho kitu chake kwa kadibodi na tepu kikasimama.

Kuhusu chumba, angalia meza zako. Kama zimegusa ukuta zivute katikati leo leo. Meza ikiwa ukutani kila kundi linakupa mgongo wewe na linawapa mgongo wenzake, na hapo sweta hata halihitajiki. Zana zitundike ukutani na uchore umbo la kila moja kwa maka, plaizi isiporudi pengo lake linaonekana toka mlangoni, huna haja ya kuuliza nani kachukua. Kufuli bakiza kwenye vitu vya hatari tu, betri za lithiamu, visu, lehemu yenye madini ya risasi. Hiyo lehemu wakiigusa wanawe mikono, na dirisha liwe wazi, ule moshi unaopanda ni wa dawa ya kusafishia kiungo na unachokoza kifua cha mwenye pumu.

Na moja zaidi nisisahau. Ukiwaachia wagawane kazi wenyewe utaona wavulana wameshika vyuma na wasichana wameshika kalamu na rangi. Kila klabu niliyoona. Zungusha kila kikao, leo anayeshika zana kesho ndiye anayeandika, na iwe sheria ya chumba, isiwe ombi.

mkali_wa_maksi

mwalimu samahani ntakuwa mkali kidogo. unawapaje maksi? maana umeandika mengi hapo juu ila hilo umeliruka na mimi nadhani ndo jibu lenyewe. kama kuna zawadi ya kundi la kwanza, au kama mwisho wa muhula kuna mashindano ya nani kajenga kizuri zaidi, basi hao watoto wana akili timamu kabisa, unaficha mali yako mpaka siku ya mnada. huwezi kumwambia mtu shindana halafu ukamshangaa hamwachii mpinzani wake aangalie majibu. hilo sweta umelileta wewe

Mwl_Saketi

@mkali_wa_maksi dah. Ndiyo, kuna zawadi ya kundi bora, na nimeianzisha mwenyewe nikidhani itawachangamsha. Haya, nimekusikia. Sasa nikiiondoa niweke nini? Wasipopimwa kabisa nusu watakuja kukaa.

Dada_Bredibodi

Mwl, ngoja nikuelezee tunachofanya sisi, kirefu kidogo unisamehe, ila ndicho kitu pekee kilichobadilisha klabu yetu na nimeshajaribu mengi.

Katikati ya muhula tunabadilishana miradi. Sio kuonyeshana, kubadilishana kabisa. Kundi A linaweka kila kitu ndani ya boksi, mradi wenyewe, daftari lake, na programu kwenye flashi, linalikabidhi kundi B. Kundi B lina vikao viwili vya kuufanya uwake na kuongeza kitu kimoja kipya, na wenye mradi hawaruhusiwi kusema neno. Wanaruhusiwa kusimama pembeni na kuumia. Wakishamaliza boksi linarudi kwa wenyewe likiwa na hicho kilichoongezwa.

Na maksi ziko hapo sasa. Kundi A halipimwi kwa uzuri wa mradi, linapimwa kwa jinsi kundi B lilivyoweza kuuwasha. B wakishindwa, A ndio wanakosa maksi. Umeona kinachotokea? Ghafla kuficha kunakugharimu wewe mwenyewe. Mtu aliyekuwa anafunika kwa sweta anaanza kuandika majina kwenye waya kwa tepu, anachora picha, anapiga simu kwa rafiki wa kundi lingine ampe daftari asome aone kama linaeleweka. Sikuwahubiria hata siku moja.

Daftari lenyewe lisiwe la kurembesha. Kurasa za kushoto tulichofanya leo, kurasa za kulia kilichokataa. Za kulia ndio dhahabu. Huo ugonjwa wenu wa servo ungekaa ukurasa wa kulia kwa mistari minne: servo inapoanza kusukuma mzigo inavuta umeme mwingi kwa mpigo, hata hizi ndogo zinaweza kupita nusu ampia, na tundu la kawaida la USB ya zamani linatoa hiyo nusu ampia tu kwa bodi na kila kilichoungwa humo, kwa hiyo volti inashuka na bodi inajizima kama mtu aliyezimia kwa njaa. Ipe servo betri yake peke yake. Halafu waya hasi wa hiyo betri uungwe na ule mguu wa bodi ulioandikwa GND, hapa ndo wengi wanakosea, wanaweka betri ya pili lakini hasi hazijakutana kwa hiyo ishara haina pa kurudi na servo inatetemeka tu kama ina homa. Mistari minne mwalimu, ingewaokolea wale wengine mwezi mzima.

Tuna pia ukuta wa makosa, karatasi kubwa mlangoni, ukikwama na ukajikwamua unaandika. Sheria ni moja, kabla hujaniita mimi soma ukuta kwanza, halafu uliza kundi la jirani, mimi ni wa tatu. Wiki za mwanzo nilikuwa nakaa juu ya mikono yangu nisijibu. Ni ngumu kuliko inavyosikika.

Mwl_Saketi

Dada umeniua na hiyo ya maksi. Naianza wiki ijayo, zawadi naifuta.

Ila kuna kijana mmoja, mkali sana, nimemuonjesha hili wazo leo akanijibu "kwa hiyo mwalimu mimi nifikirie wao waibe?" Na nikaona kuna wengine wanatikisa kichwa kumuunga mkono. Huyu nimjibu nini? Na je kuna haja ya mambo ya leseni kwa watoto hawa au ni kujitia makuu?

huria_daima

Mkuu, mchukulie bodi ya Arduino umuwekee mkononi. Muulize nani kaitengeneza. Mradi ule ulianza 2005 kwenye mji wa Ivrea kule Italia, watu wakitaka bodi rahisi kwa wanafunzi wa usanifu ambao si wahandisi, na wakaachia michoro yake wazi chini ya leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya maandishi inayosema watu watumie kazi yako kwa masharti gani. Ndiyo maana kuna bodi nyingi zinazofanana nayo kutoka viwanda tofauti, tena bei rahisi, na ni halali kabisa ilimradi wasibandike jina la Arduino kwenye bidhaa yao, jina ndilo halijaachiwa. Inawezekana kabisa hizo zenu kumi ni za namna hiyo, geuza uangalie. Yani kijana anakataa kugawa kazi huku ameishikilia kazi iliyogawiwa. Na hiyo printa yako pia, hizi printa ndogo za mezani asili yake kubwa ni RepRap, mradi wa Adrian Bowyer pale chuo kikuu cha Bath, 2005 hiyohiyo, michoro yote nje.

Sasa hapo kwenye wizi, kijana ana hoja na usimdharau. Kuchukua bila kutaja ni wizi hata mimi ningenuna. Huria maana yake sio haina mwenyewe, maana yake mwenyewe kasema chukueni kwa masharti haya. Leseni ninayowashauri shule ni CC BY-SA, mojawapo ya hizo za Creative Commons, kwa maandishi, picha na michoro: chukua, badilisha, nitaje, na ulichobadilisha ukikitoa kitoe kwa masharti hayohayo. Hicho kipande cha mwisho ndo kinawatuliza wale wenye wivu, hakuna atakayekuja kuchukua cha wote akakifungia kabatini. Kwa programu tumia leseni za programu, MIT ni ukurasa mmoja hata mtoto anasoma, GPL ukitaka ule ulazima wa kutoa kwa masharti hayohayo. Kwa vyuma na bodi kuna leseni ya CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, waliitoa 2011, ila hiyo waachie wakikua.

Na wakitumia Scratch, ile ya watoto kujifunzia kutengeneza programu, nyie tayari mko humo bila kujua, kila mradi unaoshirikishwa kwenye tovuti yao uko chini ya CC BY-SA, ndiyo maana kuna kitufe cha kuchukua mradi wa mwenzio ukaufanyia marekebisho, na mfumo unaweka jina la wa kwanza wenyewe. Kuna kitu kizuri watafiti waliona pale: watoto hawakuridhika sana na jina linalowekwa na mashine. Walichotaka ni mwenzao aandike mwenyewe kwa mkono wake, asante fulani, nimetumia paka uliyemchora. Kwa hiyo nawe usiishie kwenye fomu, wafundishe kuandika hiyo asante.

Onyo la mwisho, kazi ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi. Usiirushe mtandaoni kwa sababu tu wewe unapenda huria, mwombe yeye na mzazi, na ukiweka weka jina la kwanza au la utani, sura za watoto zisiwepo.

Gundi_Moto

@huria_daima nakubaliana na wewe ila punguza kasi kaka, mtoto wa miaka 13 ukimwanzishia tofauti ya MIT na GPL anarudi kwenye vishikio vya funguo. Kwetu ni sentensi moja ukurasa wa kwanza wa daftari, "chukua, boresha, nitaje, nawe uachie". Majina ya leseni yanakuja siku wanapotaka kuweka kitu mtandaoni, na siku hiyo wanakuja na maswali wenyewe.

huria_daima

Hiyo sentensi naiiba. Nimekutaja lakini 😄

nilikuwa_klabuni

Mimi sio mwalimu, nilikuwa mwanafunzi kwenye klabu kama hizi, nimeona huu uzi nikashindwa kupita.

Klabu yetu ilikuwa na boksi la kituo cha hali ya hewa, kinapima joto na unyevu na mvua. Nilipoingia kilikuwa kimeshapita mikono ya watu wengi na wengine walishamaliza shule, sikuwahi kuwaona. Kwenye kifuniko cha boksi kulikuwa na majina, moja chini ya jingine, na pembeni kila mtu kaandika alichofanya. Wa kwanza: kapima joto. Wa tatu: kaondoa betri, kaweka sola. Wa tano aliandika "nilijaribu kupima upepo, imeshindikana, angalia uk. 31". Nikaenda ukurasa wa 31, kumbe alitumia vikombe vizito na mhimili unasuguana, upepo mdogo hauzungushi kitu. Nikakata chupa za plastiki nyepesi nikaweka beringi ya toi bovu, ikazunguka. Mimi ni jina la saba. Nimeandika "upepo".

Yule wa tano alikuja kutembelea shule siku moja, akakiona kinazunguka, akauliza nani wa saba. Tulikaa nje mpaka giza tunaongea habari ya vikombe tu.

Kwa hiyo huyo kijana wako mwalimu usimpe mradi mpya, mpe boksi la mtu mwingine ambalo limeshindikana. Mtu mkali akipewa mradi wake anaulinda, akipewa uliomshinda mwenzie anataka ajulikane ni yeye aliyeumaliza, na hapo lazima aandike amefanyaje la sivyo nani atamwamini.

mkali_wa_maksi

hii ya majina kwenye kifuniko nimeipenda kuliko maksi zangu

Mwl_Saketi

Wakuu nimerudi, imepita kama mwezi. Nawapa mrejesho, sio wote mtamu.

Zawadi nimefuta, wawili wamehama klabu, wamesema sasa hakuna maana ya kuja. Imeniuma kwa sababu walikuwa wazuri. Meza tumezivuta katikati. Zana ukutani tayari, pengo la plaizi moja limebaki pengo mpaka leo, sijui iko wapi.

Kubadilishana tumefanya wiki iliyopita na nusura nicheke mbele za watu. Kundi moja lilitoa kigari kinachofuata mstari mweusi chini. Daftari lao sehemu ya kuunga waya lilikuwa na sentensi moja: "unga waya kama kawaida". Basi waliopokea wakaunga kama kawaida yao, mota ya kulia ikakaa pa kushoto na ya kushoto pa kulia. Kigari kikiona mstari kinaukimbia. Kila wakikirudisha kinageuka kama kimeona nyoka. Na yule kijana wangu mkali ndiye mwenye kigari, kasimama pembeni mikono nyuma, kang'ata mdomo, jasho linamtoka, anajua kabisa kosa liko wapi na haruhusiwi kusema. Dakika arobaini. Waliogundua mwisho ni wasichana wawili, wakabadilisha waya, kigari kikakaa njiani, chumba kizima kelele.

Kipindi kilipoisha kijana akachukua daftari bila kuniangalia, akakata ile sentensi, akaandika "waya wa njano ni mota ya KUSHOTO, na kushoto ni kushoto kwako ukikaa NYUMA ya gari". Halafu akachukua maka akachora mshale mkubwa juu ya kigari, akaandika MBELE. Wale wasichana nao wameshaandika majina yao kwenye kifuniko chini ya lake, sikuona akilalamika, ila aliwarekebisha spelingi ya neno "mota".

Ukuta wa makosa una maandishi kumi na manne, tisa ni ya servo na betri kwa namna tofauti tofauti, nadhani hilo somo nalifundisha vibaya. Na bado kuna kundi moja ambalo mmoja anafanya yote, hata kuzungusha zamu hakujasaidia, anafanya kwa kunong'ona huku mwenzake ameshika zana. Huyo bado namfikiria.

Swali la sasa ni dogo. Tuna maboksi kumi na moja ambayo hayafumuliwi, kabati limejaa, na likifungwa watoto hawayaoni kwa hiyo hakuna anayeomba la mwenzake. Rafu mpya sipati muhula huu. Nyie mnaweka wapi?

Dada_Bredibodi

Ng'oa milango ya kabati. Bisibisi si mnazo?

Mwl_Saketi

😂 Kesho saa nane. Plaizi ndo hatuna.